Kwa Nini Kondoo wa Skarvey Hula Mwani

Wewe ungekula mwani? Basi usimcheke kondoo wa Skarvey kabla hujajua nani alimpeleka pwani.

Skarvey ni kisiwa kidogo, kaskazini ya mbali, ambako upepo haujaruhusu hata mti mmoja usimame. Zamani kondoo wa huko walikula majani kama kondoo wengine wote, na shayiri ya watu ilizungushiwa uzio wenye lango moja. Kondoo walikuwa wa Mama Ingrun, mjane. Maziwa yake, nguo zake, hata moto wake wa samadi kavu, vyote vilitoka kwao. Ng'ombe kisiwani alikuwa mmoja tu, wa Mzee Haldur, mkuu wa kisiwa.

Asubuhi moja shayiri ilikutwa imeliwa, lango li wazi. Haldur alifika wa kwanza, na wenzake walipofika wakakuta hukumu iko tayari: ni kondoo. Mama Ingrun hakulia. Alinyoosha kidole katikati ya shamba, akauliza, "Mzee wangu, tangu lini kondoo akaangusha samadi pana kama sinia?"

Haldur alifikiri kidogo, akaeleza kwamba mnyama akila cha wizi tumbo humvurugika. Watu walitazamana. Samadi waliiona, na mwenye ng'ombe walimjua. Lakini kumwambia mkuu jambo kama hilo ni kazi ambayo kila mtu alimwachia jirani yake.

Wakajenga ukuta wa mawe kuzunguka kisiwa, kondoo wakaachwa upande wa bahari, wafe kwa adabu. Mama Ingrun akahamia huko nao. Maji yalipokupwa, jike mmoja mzee aliunusa mwani, akakunja pua, akauonja. Akaonja tena. Wenzake walimkodolea macho kama wageni wanaosubiri kuona iwapo mpishi atakufa, kisha wakafuata. Baridi ilipokwisha walikuwa wamenona kuliko ng'ombe wa mkuu.

Halafu dhoruba ikabomoa ukuta. Ajabu, kondoo hawakuingia. Waliyatazama majani, wakageuka. Watu wakajenga upya, maana ukuta uliikinga shayiri na upepo wa chumvi unaoiunguza, mpaka likabaki pengo moja, na jiwe lake alikuwa nalo Mama Ingrun, amelipakata. Akakataa kuliweka. Alisema kondoo wake hawayahitaji tena majani ya mtu, ila jina lao analitaka lirudi safi. Upepo wa chumvi ukawa unapita penye pengo moja kwa moja hadi kwenye shayiri changa, na kwa mara ya kwanza watu wote wakamgeukia Haldur.

Na tangu siku hiyo kondoo wa Skarvey hula mwani kwa hiari yao, na kila mwaka ukuta ukikarabatiwa, jiwe la mwisho haliwekwi mpaka mtu mmoja aseme kwa sauti alichokifanya. Wa kwanza alikuwa Haldur mwenyewe. Alikohoa. Akaisubiri bahari imkatize, bahari ikanyamaza.

"Lango nililiacha wazi mimi," akasema. "Na samadi ile ni ya ng'ombe wangu."