Nungunungu na Vijiti Kumi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mmeitika kinyonge? Haya, hata mimi leo nimechoka. Tutakwenda hivyo hivyo.

Hapo zamani za kale, Kiboko alikuwa na uwanja, na Nungunungu ndiye aliyetunga michezo ya pale. Mchezo wake ulikuwa hivi. Kuna mto umechorwa mchangani, ng'ambo kuna zimwi la majani. Ukitaka kuvuka, unda chelezo: vijiti kumi, kamba tano. Ukitaka kulipiga zimwi, unda rungu: mpini, mawe matatu, na ulimbo wa kuyagandisha. Basi wachezaji huinama, huokota. Huinama, huokota. Kwacha, kwacha, kwacha, tangu asubuhi.

Mwaka wa kwanza walijaa. Wa pili wakapungua. Nungunungu akasema, "Mchezo umekuwa mwepesi." Vijiti kumi vikawa ishirini. Wakapungua tena. Vikawa arobaini. Jamani, kuna watu mgonjwa akikataa ugali, wao humwongezea tonge.

Siku moja Kiboko akaja, akaketi, puu.

"Bi Nungu, uwanja wangu unaota nyasi. Mwezi ukiandama sijaona wachezaji, nampa Fisi uwanja huu, apige ngoma yake."

Nungunungu akarudi kupanga vijiti vyake. Uwanja ule ndio uliokuwa maisha yake. Kazi nyingine hakuijua.

Siku hiyo alikuja Ngiri peke yake, mama wa watoto sita. Akaokota vijiti vinne, cha tano akakilalia. Kororo, kororo. Nungunungu akamwamsha.

"Mama Sita, mchezo haukupendezi?"

"Usinune, shoga. Nyumbani naokota kuni. Naja kucheza, naokota kuni. Sasa hapa nacheza nini?"

"Lakini ukimaliza, chelezo ni chako mwenyewe."

"Hata chungu kikubwa sina changu mwenyewe. Nikikihitaji naazima kwa jirani yangu Pelele."

Akajinyoosha mgongo, akaenda zake. Nungunungu akabaki na vile vijiti vinne. Maneno yalimuuma, maana yalikuwa kweli.

Jioni akirudi kwake, akampita Ngiri mlangoni kwa Pelele, amerudisha chungu. Ndani mna magimbi.

"Magimbi ya nini tena?" Pelele akauliza.

"Chungu cha jirani kinarudije kitupu?"

Nungunungu akasimama pale pale. Alisimama akikiwaza kile chungu mpaka miguu ikamuuma.

Kesho yake akavitupa vijiti vyote. Akatangaza sheria mpya: kila mtu aingie na kitu kimoja, kuunda hakuna. Kinachokupungukia, kaazime kwa mwenzio. Ila usikirudishe kitupu.

Habari zikaenea, wachezaji wakaanza kurudi. Ngiri akaazima rungu la Nyani, akalirudisha lina kamba ya kushikia. Kanu, yule paka wa mwituni, akaliazima, likarudi limechongwa ncha. Rungu likawa na habari zake, kila mtu analitaka. Pelele alirudisha chelezo cha Kima kitupu, wakamzomea, akakimbia kutafuta cha kuweka, akarudi na ua moja tu. Wakacheka sana.

Mwezi ukaandama. Kiboko akakuta nyasi zote zimekanyagwa. Akaomba kuazima rungu.

Nungunungu alikuwa ameegemea ukingoni, amechoka hoi, miiba yote imelala. Ngiri akamwendea.

"Njoo ucheze."

"Sina kitu mkononi, Mama Sita."

"Miaka yote hii umetuazima mchezo wako. Leo tuurudishe mtupu? Kaa hapo."

Wakamwekea magimbi ya moto. Nungunungu akala, huku machozi yanamtoka, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Basi, wakubwa na wadogo, shikeni hili: aliyechoka usimwongezee mzigo ukauita mchezo, na cha mwenzio ukikitumia, usikirudishe kitupu. Hadithi yangu naitua hapa. Mabega yameniuma, na nyie nendeni mkalale.