Pipa la Maganda ya Ndizi

Ndugu zangu, bwana mmoja alikuwa na ng'ombe mmoja tu, mwenye mimba kubwa, na kiangazi kilikuwa kimekaza. Majani yalikwisha hadi kando ya barabara. Mkewe akaenda kwa bwana mifugo, akarudi na ujuzi: maganda ya ndizi, yale tunayomwaga jalalani. Wakayakatakata, wakayachanganya na molasi, wakayashindilia kwenye pipa na kulifunga kwa mpira.

"Wiki tatu tusiguse," mke akasema. "Humo mna vijidudu vinavyokula sukari na kutoa tindikali, ileile ya maziwa mgando. Hiyo ndiyo inayozuia kuoza. Ila havitaki hewa."

"Nimesikia, Mama Sekela."

Alisikia kweli, lakini pua yake haikusikia. Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, anafungua kidogo, ananusa, anafunga. Siku ya tatu, bado. Siku ya nne, bado. Mnacheka, lakini mtu huyu mnamjua, au siyo?

Wiki tatu zikatimia, mke akafungua. Ukungu mweusi, na harufu ya kumkimbiza hata fisi. Ng'ombe alinusa akageuza kichwa. Mama wa watu akaketi chini akalia, maana chakula kingine hawakuwa nacho.

"Baba Sekela, ulifungua?"

"Sikufungua. Nilikuwa nachungulia tu."

"Sasa vijidudu vingejuaje kwamba unachungulia tu?"

Yule ng'ombe aliokolewa na pipa la jirani, mjane aliyeshindilia maganda yake wiki ileile, ila yeye hakuchungulia.

Juzi mtu aliniambia, "Mchungaji, shemeji yangu nimemsamehe kabisa." Kisha akanisimulia kosa lote upya, pamoja na tarehe. Na sisi je? Mara ngapi tumekaa na wenzetu, tukaukatakata ugomvi, tukasema yote, tukasameheana, tukafunga? Mungu akaanza kazi mle tusimoona, kuigeuza taka iwe chakula. Asubuhi tunafungua kidogo: hivi bado kunanuka? Kutaachaje kunuka, na hewa umeiingiza wewe?

Nikiwa hapa mbele naona mabenchi yenye nafasi ya mtu mzima katikati ya ndugu wawili. Sitataja majina. Sasa tunasimama kuimba. Mkikaa tena, nataka niwaone mmebanana.