Fimbo ya Mwalimu Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma, mmemeza ndimi? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na Kanga, mwalimu. Wazazi wakienda malishoni walimwachia watoto, naye akawafundisha kando ya kichuguu: Ngedere, Kindi, Sungura na Digidigi mdogo. Somo kubwa lilikuwa moja. Tai akionekana, ingieni shimo lililochimbwa na Muhanga chini ya kichuguu, mmoja mmoja, bila kelele.

Lakini darasa lilikuwa soko. Ngedere anavuta mkia wa Kindi, Kindi analia, Sungura anacheka. Kanga akasema nyamazeni, wapi. Akasema tena, wapi. Basi akakata fimbo ya mti wa mkole. Ngedere akitikisika, chwa! Sungura akicheka, chwa! Hata Digidigi, aliyeinua mguu kuuliza swali, naye chwa!

Ikawa fimbo ikiinuka, watoto mbio, huyu huku, huyu kule. Ikishuka, kimya. Kanga akawaambia wazazi kwamba watoto sasa wameshika adabu. Adabu gani, jamani? Walishika roho zao mkononi.

Siku moja, jua la utosi, kivuli kikapita juu ya nyasi. Fyuuu. Kikarudi. Fyuuu. Kanga akatazama juu. Tai.

Akainua fimbo awaonyeshe shimo. Lo! Watoto kuiona fimbo juu, puru puru, huyu huku, huyu kule, kama walivyozoea. Hakuna aliyetazama shimo. Akawaita kwa ukali, wakazidi kwenda mbali. Na kivuli kikazidi kupanuka.

Hapo Kanga akaelewa ni nini alichowafundisha. Akaitupa fimbo. Akalaza kifua chini, akateremsha sauti.

"Ngedere, baba, wewe una mikono. Simama mlangoni uwavute wenzako."

Ngedere akasita. Huyo hajawahi kupewa kazi, kila siku ni kupewa fimbo. Akaja, akasimama mlangoni imara kama mzee wa boma. Kanga akamwomba Sungura amshike Kindi mkono, waje polepole. Wakaja. Wakavutwa ndani, mmoja, wa pili.

Akabaki Digidigi, nyuma ya kijiti, anatetemeka te-te-te.

"Njoo, mwanangu. Tai huyo."

"Siji, mwalimu. Tai bado hajanipiga."

Kanga akapima. Akimfuata, mtoto atakimbilia uwandani. Akimwacha, ameliwa. Mbawa za Tai zilikuwa zinasikika sasa, vuu, vuu.

"Nilikupiga kwa kuuliza," Kanga akasema. "Nimekosa. Uliza tena."

Digidigi akainua mguu. "Tai akikaa mlangoni, tutatokea wapi?"

"Kuna mlango wa pili, kwenye mizizi. Njoo nikuonyeshe."

Digidigi akaruka. Ngedere akamdaka, akamvuta ndani. Kanga akaingia wa mwisho, na kucha za Tai zikapita, kwaruu, zikaondoka na manyoya yote ya kichwa chake. Ndiyo maana hadi leo kanga ana kipara, na wala hakionei haya.

Wanangu, nanyi wakubwa mlio kimya hapo: ukimfundisha mtoto kukukimbia, siku ya hatari atakukimbia. Msumbufu mpe kazi, muulizaji mpe jibu, na ukikosa, sema umekosa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeishika amsimulie mwenziwe.