Nani Atamtukana Bibi Nyamizi?

Ukiwa na haraka, iache kwanza, utaisoma ukitulia. Lakini usimtumie mtu mwingine kabla hujaisoma mwenyewe. Mimi nilikuwa bingwa wa kusambaza nisiyoyasoma, mpaka haya yakanifika mlangoni.

Palikuwa na nyumba ya kulelea wazee, nje kidogo ya mji. Upande wa wanawake ulikuwa na bibi kumi na wanane, na zamu ya jioni ilikuwa na wahudumu watatu tu. Zamu hiyo huanza saa nane mchana na kwisha saa tatu usiku, na hakuna aliyewahi kuigombania. Jioni ndipo wazee wanalishwa, wanaoshwa, wanabadilishwa nepi na kugeuzwa ubavu wasitoke vidonda. Jioni pia ndipo wanapowakumbuka watoto wao.

Kiongozi wa zamu hiyo aliitwa Leokadia. Hakuwa mvivu wala katili, nalisema mapema usije ukamhukumu haraka kama nilivyofanya mimi. Alikuwa binti wa watu kutoka Bukoba, amesomea kazi yake, anaipenda. Alikuwa na kosa moja tu: aliamini kwamba zamu nzuri ni zamu iliyotulia.

Na aliyekuwa akimharibia utulivu wake ni Bibi Chausiku.

Bibi Chausiku alikuwa Mzaramo, miguu haifanyi kazi, lakini mdomo ulikuwa mzima na wa akiba. Kitanda cha pili yake alilala Bibi Nyamizi, Mnyamwezi, ambaye kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kulia pamoja na ulimi. Bibi Nyamizi hakuweza kusema neno. Kila jioni, saa moja ikikaribia, Bibi Chausiku alianza.

"Enyi wahudumu! Njooni mniondolee mpagazi wenu hapa! Kalowa chapachapa kama mzigo wa chumvi ulionyeshewa!"

Mhudumu alikimbia, akamkemea, kisha akambadilisha Bibi Nyamizi nguo.

Baada ya muda kidogo: "Huyu mpagazi kalala ubavu mmoja tangu mchana! Anadhani bado kabeba pembe begani?"

Mhudumu alirudi, akaguna, akamgeuza Bibi Nyamizi.

Ilikuwa hivyo kila siku. Wahudumu walikuwa wakisema debe tupu haliachi kuvuma, wakicheka. Leokadia hakucheka. Chuoni alifundishwa kwamba mgonjwa hatukanwi, wala na muuguzi, wala na mgonjwa mwenzake. Jioni moja aliinama karibu na Bibi Nyamizi akamuuliza polepole, "Bibi, huyu anakuumiza moyo?"

Bibi Nyamizi alitoa machozi. Akainua mkono wa kushoto, akaelekeza kidole kitanda cha pili.

Kwa Leokadia huo ulikuwa ushahidi wa kutosha.

Kesho yake aliamua Bibi Chausiku ahamishiwe chumba cha mwisho, kule karibu na stoo. Walipokuja kumbeba, Bibi Nyamizi alishika pindo la kanga ya mwenzake kwa mkono wake mzima, akang'ang'ania. Leokadia alidhani ni hofu. Ilimbidi amfumbue vidole kimoja kimoja.

Bibi Chausiku hakupiga kelele siku hiyo. Aliuliza tu, "Mwanangu, mkinitoa hapa, nani atamtukana?"

"Hakuna, Bibi. Na ndivyo tunavyotaka."

Basi chumba kikatulia. Matroni alipita siku ya tatu, akasimama katikati ya chumba, akasema, "Leokadia, zamu yako siku hizi raha tupu." Akaisifu mbele ya wenzake. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila anayesifiwa hasikii mshindo.

Kule chumba cha mwisho, kila ikikaribia saa moja, ilisikika sauti moja ile ile: "Mpagazi kageuzwa? Nauliza, mpagazi kageuzwa?"

Siku ya tisa wahudumu walikuwa wawili, mmoja alikuwa na msiba kwao. Leokadia alimlisha Bibi Nyamizi uji, akamwegemeza kwenye mito, akakimbilia wengine. Saa moja na nusu sauti ikaanza tena, kali kuliko siku zote.

"Mpagazi kageuzwa?"

Leokadia alikuwa na beseni la maji mkononi na bibi mwingine akilia chooni. Alipita mlangoni pa chumba cha mwisho akajibu bila kusimama, "Kageuzwa, Bibi. Kalala. Na wewe lala."

Hakuwa amekwenda kumwangalia. Kisha akauvuta ule mlango, akaufunga taratibu, wengine wapate kupumzika.

Alipofika kwa Bibi Nyamizi saa mbili, alimkuta ameteleza kutoka kwenye mito, shingo imepinda, uji umempanda kooni. Mwili ulikuwa bado una joto.

Ndugu walipigiwa simu. Alikuja mmoja tu, mtoto wa kaka yake, kwa basi la usiku kucha. Watu kumi na wawili walisimama makaburini, wengi wao wahudumu.

Jeneza lilipotaka kushushwa, ilisikika sauti nyuma. "Simameni hapo!"

Alikuwa Bibi Chausiku, kwenye kiti cha magurudumu, amejifunga kanga ya marehemu, na mdomo ameukunja upande mmoja kama marehemu alivyokuwa. Alisukumwa mpaka ukingoni mwa kaburi, akaweka fimbo yake juu ya shimo.

Leokadia alitaka kumzuia, kwa aibu. Yule mtoto wa kaka akamshika mkono, akamwambia, "Muache. Huyu ni mtani. Ana haki yake."

Leokadia utani alioujua ni wa mpira. Hakujua kwamba Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo wakipita Uzaramoni. Hakujua kwamba mtani hukutukana ukiwa mzima, hukuuguza ukiwa mgonjwa, na ukifa hakuna wa kumzuia kaburini kwako.

Mtoto wa kaka alitoa sarafu, kama desturi inavyotaka, ili mtani aondoe fimbo. Bibi Chausiku aliisukuma mbali.

"Senti zako sitaki. Nataka mtu mmoja aniambie. Siku hizi tisa, nani alikuwa akimtukana mtani wangu?"

Akawageukia wahudumu.

"Nilisema kalowa, mkaja mkambadilisha. Nilisema kalala ubavu mmoja, mkaja mkamgeuza. Alikuwa akinitazama, najua anataka nini, nawapigia kelele. Ningesema kwa adabu mngekuja? Mara ngapi mliitwa kwa adabu na mama wa kitanda cha dirishani, mkamwambia subiri? Mimi nilikuwa mdomo wake. Mkauhamishia stoo."

Kisha akaondoa fimbo mwenyewe, akalia kwa sauti, na mdomo ukamnyooka.

Jioni ile Leokadia alifungua daftari la zamu. Kurasa za miezi minane, mwandiko wake mwenyewe: "Chausiku amepiga kelele." Mstari unaofuata: "Nyamizi amebadilishwa." "Chausiku ametukana." Mstari unaofuata: "Nyamizi amegeuzwa." Aliyaandika yote na hakuwahi kuyasoma. Na kile kidole kilichoelekeza kitanda cha pili, sasa alikielewa. Bibi Nyamizi alikuwa akimwonyesha mtu wake.

Alinisimulia haya yote mwenyewe, amekaa kwenye ngazi, daftari mapajani. Nilitaka kumlaumu. Maneno yalinifika mdomoni, yakaishia hapo.

Maana yule mtoto wa kaka ni mimi.

Bibi Nyamizi alikuwa shangazi yangu. Ndiye aliyenilea baba alipofariki. Kwa miaka minne nilipiga simu kila mwisho wa mwezi nikauliza, "Shangazi anaendeleaje?" Wakanijibu, "Ametulia." Nami nikafurahi, nikakata simu. Sikujua hata kwamba alikuwa na mtani. Leokadia alimwacha siku tisa. Mimi nilimwacha miaka minne, na mimi ni damu yake.

Bibi Chausiku amerudishwa chumba chake cha zamani. Kitanda cha pili amelazwa bibi mwingine. Nilikwenda kumsalimia Bibi Chausiku mwezi uliopita, safari hii kwa miguu yangu, si kwa simu. Nilimkuta Leokadia amesimama mlangoni, saa moja inakaribia, anasubiri.

Hakuna kelele iliyotoka.

Leokadia alisogea akapiga goti kando ya kitanda. "Bibi, tukana basi. Hata mimi, nitukane."

Bibi Chausiku alimtazama bila hasira.

"Nimtukane nani, mwanangu? Mtani wangu mmemzika."

Nasikia matroni anasema sasa zamu ya jioni imetulia kabisa.

Funzo: Kabla hujamnyamazisha anayekupigia kelele, uliza kwanza anamsemea nani; na ukiambiwa mzee wako ametulia, usikate simu, nenda ukamwone.