Amplifaya Juu ya Kifua cha Mzee Shemboza

Haya, sogeeni. Anayetaka hadithi ya harusi na aondoke mapema, hii ina msiba.

Mzee Shemboza wa Korogwe alipiga gitaa la solo kwenye bendi za dansi miaka thelathini, kasimama ubavuni mwa maspika makubwa, mpaka masikio yote mawili yakafa. Kisha kiharusi kikamlaza. Alikuwa na watoto watatu. Namvua alikuwa fundi redio, hakuna chombo kilichomshinda. Hoza ndiye aliyemwogesha na kumlisha baba miaka miwili, akaujua mwili ule kuliko daktari. Kihiyo, kitinda mimba, alirithi vidole vya baba. Lakini alipotelea mjini miaka sita, hata salamu hakutuma!

Hospitali waliposema mgonjwa arudishwe nyumbani, watoto walielewa. Namvua akaumia moyoni: baba afe bila kulisikia tena gitaa lake?

Akaenda dukani. Muuzaji akawasha amplifaya kubwa, madirisha yakatetemeka. "Dada, hii ndiyo yenyewe!" Namvua hakuitaka. Alijiziba masikio kwa pamba, akazigusa amplifaya zote za dukani kwa kiganja, moja baada ya nyingine. Akachagua ndogo ya mazoezi, ya betri, nyepesi, ambayo mtetemo wake ulimpanda hadi kwenye kiwiko.

Kihiyo, aliyerejea juzi yake, akacheka. "Dada, umemletea baba mdoli?" Namvua nusura amzabe kibao.

Wakaiweka chini ya kiganja cha mzee. Kihiyo akaliunganisha gitaa la baba, akapiga. Mzee hata kope hakupepesa.

"Mikono yake ina ganzi," Hoza akasema. "Mashine ya kusaga ya jirani ikinguruma, baba huwa anafumbua macho. Anaisikia kifuani." Akaibeba amplifaya, akailaza juu ya mbavu zile nyembamba. Ile kubwa ya dukani ingemuua kwa uzito.

Kihiyo akapiga nyimbo za dansi zote alizozijua. Wapi! Ndipo akakumbuka wimbo ambao baba alimtungia marehemu mama yao, haukurekodiwa popote, na ni yeye tu aliyefundishwa. Akaupiga, na alipofika ubeti wa pili, machozi yakamtoka mzee.

"Nasikia," akasema kwa ulimi mzito. "Gitaa langu apewe huyu aliyenifanya nisikie. Akilishika mwingine, radhi yangu hana."

"Nani, baba?" wakapiga kelele wote watatu. "Baba, nani?"

Wamuulize kiziwi! Alikwisha fumba macho. Kihiyo hakuthubutu kuacha kupiga, na amplifaya ikaendelea kutetema juu ya kifua kisichopumua.

Arobaini imepita. Gitaa lipo ukutani, nyuzi zinashika kutu. Namvua hulitazama kila siku, analitaka mpaka anaona haya, kisha anaikumbuka mikono ya Hoza ikimwosha baba. Hakuna anayeligusa. Radhi ya mzazi si mchezo, jamani, na mwenye kuitoa yumo kaburini.

Je, wewe ungemwambia nani aliteremshe?