Mtetea Aliyeatamia Mayai ya Kanga

Paukwa!

(Pakawa!)

Hiyo pakawa ya nani, ya mgonjwa? Nyinyi wa nyuma mmeshalala? Paukwa!

(Pakawa!)

Haya, sasa nimesikia. Pakawa kuku, pakawa kanga. Mmoja wa uwanjani, mmoja wa nyikani, na katikati yao watoto.

Hapo zamani za kale palikuwa na kuku jike, jina lake Mtetea. Alikaa uwanjani kwa Bi Nyamvula, mama mmoja mkulima wa mtama. Mtetea alikuwa kuku wa kutazamwa. Mweupe pee, miguu ya manjano, akitembea utadhani anakwenda harusini. Lakini mtoto hakuwa naye. Akitaga, Kenge anakuja. Kenge yule wa mtoni, ulimi nje ndani, nje ndani. Anayanyonya mayai, fyuu, fyuu, anaacha maganda. Mtetea akataga tena, Kenge akaja tena. Akataga tena, akaja tena.

Mwisho Mtetea akakaa juu ya kiota kitupu. Akaatamia hivyo hivyo. Hali, hanywi, hainuki.

Bata akapita, mkia huku, mkia kule, pata-pata, pata-pata.

"Shoga, unaatamia nini?"

"Naatamia."

"Naona unaatamia. Nauliza nini."

"Bibi wewe, pita njia yako."

"Upepo!" Bata akacheka, kwaa kwaa kwaa. "Jamani njooni muone! Mtetea ataangua upepo!"

Mtetea akajikunja zaidi juu ya kiota. Mwenye njaa ya mtoto hana nguvu ya kujibu.

Basi Bi Nyamvula alikuwa shambani anapalilia. Jembe likapiga kichaka, chaka! Akainama, akaona mayai. Madogo, magumu, rangi ya udongo. Mayai ya kanga wa mwituni. Na mnajua desturi yetu wanawake wa kwetu: ukiokota mayai ya kanga na nyumbani una kuku anayeatamia, huyapiki. Unampa kuku akuangulie. Bi Nyamvula akayafunga kwenye pembe ya leso, akarudi nayo, akayasukuma chini ya Mtetea polepole. Moja. Jingine. Jingine.

Mtetea alijua? Alijua! Kuku gani asiyelijua yai lake? Lakini alikunja miguu, akatandaza mbawa, akafumba macho. Hakuuliza: je, na aliyeyataga yuko wapi sasa hivi?

Kenge akaja, akakuta hainuki juu yake, akarudi mtoni. Mayai ya kanga hayana haraka. Kuku wenzake waliangua, vifaranga vyao vikaanza kuota manyoya, Mtetea bado amekaa. Bata akapita tena. "Shoga, hayo mayai au mawe?" Mtetea akazidi kukaa. Mpaka asubuhi moja, kwi! Chini ya tumbo. Kwi, kwi! Yai likapasuka, ta! Kikatoka kifaranga, kikatoka kingine. Wa mwisho wao kabisa akatoka mdogo, mlegevu, akaingia chini ya bawa la kulia akakataa kutoka. Mtetea akamwita Kitinda, yaani kitinda mimba wangu.

Sasa Jogoo akaja kutazama wanawe. Akatazama kwa jicho hili. Akageuka, akatazama kwa jicho lile.

"Mke wangu."

"Bwana."

"Mimi mwekundu. Wewe mweupe."

"Ndiyo, bwana."

"Hawa wana michirizi kama mkeka. Wamefanana na nani?"

"Wamefanana na bibi yangu mzaa mama. Hukumdiriki."

"Na hizi mbio? Kifaranga wa jana anakimbia kama ametumwa! Bibi yako alikimbia hivi?"

"Ndizo alizoolewa kwazo."

Jogoo akanuna siku nzima. Akawa anazunguka ua anatafuta jogoo gani wa jirani ana michirizi. Cheka, mama Mbeyu hapo ulipokaa, cheka. Unamjua jogoo wa namna hiyo.

Mtetea akawapenda wale watoto. Akawapeleka jaani, akachakura, chaku chaku chaku! Akipata mchwa hali yeye. "Ko-ko-ko! Njooni, wanangu!" Wakaja mbio, viguu vinazunguka hata havionekani. Jua likizama, wote chini ya mbawa. Mtetea akalala anasikia mioyo midogo inapiga tumboni pake. Akasema, hawa ni wangu.

Siku moja, kutoka ukingoni mwa mtama, ikatoka sauti.

*Kwechee! Kwechee!*
*Wanangu wa michirizi,*
*Mwewe akija juu*
*msikimbilie bawa.*
*Tawanyikeni majanini,*
*laleni, msipumue.*

Vifaranga wote wakainua vichwa. Wote kwa pamoja, kama waliovutwa na uzi mmoja. Na moyo wa Mtetea ukafanya tu!

Akaenda mpaka ukingoni. Akamkuta Kanga amesimama kwenye nyasi, shingo tupu, mwili madoadoa, amekonda kwa kutafuta.

"Hodi, dada," Kanga akasema.

"Hodi ya wapi? Hapa kuna mlango?"

"Dada, nilikwenda kunywa maji. Niliporudi sikukuta yai hata moja. Nimezunguka nyika hii nikiita. Leo nimesikia sauti zao."

"Sauti za nani?"

"Za wanangu."

"Wanao!" Mtetea akavimba, manyoya yakasimama yote. "Ulikuwa wapi walipokuwa mayai ya baridi? Ulikuwa wapi walipolia njaa? Kuzaa si kazi, mwenzangu. Kazi ni kulea!"

"Kweli umelea. Ahsante. Sikuja kuwachukua."

"Basi umefuata nini?"

"Nimefuata Mwewe. Mtoto wa kuku akiona Mwewe anakimbilia bawa la mama yake. Wewe umeumbwa mpana, unawafunika. Sisi hatukuumbwa hivyo. Wetu wanakua upesi, wanakuwa warefu, bawa haliwatoshi. Mtoto wa kanga anaponea majanini. Anatawanyika, analala chini, hapumui. Niache niwafundishe hilo tu, nikiwa huku huku kwenye nyasi. Kisha wewe endelea kuitwa mama."

Maneno mazuri, au siyo? Lakini wivu hausikii maneno. Mtetea alisikia moja tu: wataitika sauti ya mwingine.

"Toka," akasema. "Wangu wanatosha chini ya bawa langu."

Tangu siku ile Mtetea hakulala usingizi. Kila Kanga alipoimba, yeye alipiga kelele juu yake, ko-ko-ko-koo! ko-ko-ko-koo! ili wimbo usisikike. Akaacha kwenda upande wa mtama, ingawa ndiko kwenye panzi wanono. Watoto wakala pumba. Mtoto akitazama nyikani, Mtetea anamtazama yeye. "Unatazama nini?" "Hakuna, mama." "Tazama chini. Chakura." Siku moja mmoja wao, wala hakukusudia, alifungua mdomo ikatoka yenyewe: "Kwechee!" Mtetea akamdonoa kichwani, ko! Damu ikatoka.

"Umejifunza wapi?"

"Sikujifunza, mama. Imetoka tu."

Hiyo imetoka tu ndiyo iliyomuuma zaidi.

Kitinda peke yake hakutazama nyikani. Kitinda alimfuata Mtetea mguu kwa mguu, hata akienda kunywa maji. Mtetea akawaambia wengine, "Mnamwona huyu? Huyu ndiye mtoto."

Wakakua. Wakawa warefu. Jioni wakija kulala, Mtetea anainua bawa, wanaingia vichwa, mikia nje. Wanasukumana, Mtetea ananing'inia juu yao kama kofia juu ya kichuguu.

Bata akapita. "Shoga, umewafunika au wamekubeba?"

"Kwenda zako!"

"Nakwenda. Lakini hao hawatoshi, shoga. Hata mimi nisiye na akili naona."

Mtetea aliona pia. Aliona, akakataa.

Basi asubuhi moja jua limetoka kali, watoto wako uwanjani. Juu kabisa, doa jeusi. Likazunguka. Likashuka kidogo. Likazunguka. Kanga kule kwenye mtama alikuwa wa kwanza kuliona.

"Kwechee! Kwechee! Tawanyikeni! Majanini!"

Watoto wakashtuka. Miguu yao ikajua kabla ya vichwa. Prrr! Huyu huku, yule kule, wanakimbilia nyasi. Na nyasi zilikuwa karibu! Hata Kitinda alikuwa karibu, amebakiza kuruka mara moja tu.

Mtetea akainua macho, akamwona Mwewe. Akashusha macho, akawaona watoto wake wanakimbilia sauti ya Kanga. Sasa niambieni, katika vile viwili, kipi kilimchoma zaidi? Msiseme Mwewe.

Akatandaza mbawa. Akaita kwa nguvu zake zote. "Kooo! Kwangu! Njooni kwangu!"

Wengine hawakugeuka.

Kitinda akageuka.

Akarudi mbio, uwanja mtupu, viguu vinazunguka. Akafika. Akaingiza kichwa chini ya bawa la kulia, pale pake pa siku zote. Kichwa kikaingia. Shingo ikaingia. Mwili ukabaki nje.

Vuuup!

Mtetea akaruka, akapiga kucha, akapiga mdomo, akapiga hewa. Mwewe yuko juu ya miti. Uwanjani umebaki unyoya mmoja, nao upepo ukauchukua.

Jogoo akainamisha kichwa. Bata akafumba mdomo, na Bata akifumba mdomo jua ni msiba.

Kanga akatoka kwenye nyasi. Kwa mara ya kwanza akakanyaga uwanja wa watu, mchana kweupe. Akaja mpaka alipo Mtetea.

"Nilimwita," Kanga akasema.

"Na mimi nilimwita," Mtetea akasema. "Angekuwa hanipendi, angekuwa hai."

Kanga hakumtukana. Hakumpiga. Alikaa naye kidogo, kisha akarudi kwenye nyasi.

Sasa, Mwewe akila mahali hurudi mahali pale pale. Mtetea alilijua hilo. Kesho yake akawakusanya waliobaki, akawatembeza hadi ukingoni mwa mtama. Kanga yuko pale.

"Nendeni," Mtetea akasema.

Hawakwenda. Wakajificha nyuma yake. Waliwahi kukemewa kwa kutazama tu, wataendaje?

"Nendeni kwa mama yenu."

"Mama yetu ni wewe," yule mwenye kovu kichwani akasema.

Eh, jamani. Neno alilolililia siku zote, akaletewa siku hiyo! Angeweza kugeuka nao akarudi. Kanga asingesema kitu. Lakini Mtetea alipandisha manyoya, akafanya uso mbaya, akawadonoa. Ko! Ko! Huyu mguuni, yule mkiani. "Nendeni! Sina bawa la kuwatosha! Tokeni!" Wakalia, wakakimbia, wakaingia kwenye nyasi. Mpaka leo mkiona kuku anawadonoa watoto wake wakishakua, anawafukuza mmoja mmoja, msiseme kuku hana huruma.

Hawajakaa sana, doa likatokea juu. Likazunguka. Likashuka.

"Kwechee! Laleni!"

Nyasi zikatikisika, zikatulia. Mtetea amesimama uwanjani peke yake. Mbawa zinataka kufunguka zenyewe. Koo linataka kuita lenyewe. Na mtoto mmoja, kwenye ukingo kabisa, ameinua shingo anamtazama. Anangoja. Akiitwa, atakuja.

Mtetea akabana mbawa. Akafumba mdomo, akaubana hadi macho yakatoka machozi. Akamgeuzia yule mtoto mgongo.

Mtoto akalala chini.

Mwewe akazunguka. Akazunguka. Akatazama nyasi, akaona nyasi. Akatazama uwanja, akaona kuku mzima mwenye hasira. Akapiga mbawa, akaenda zake kutafuta mahali pengine.

Vichwa vikainuka majanini, kimoja, kimoja, vyote. Na vyote vikamtazama Kanga.

Kile kitu kikamchoma Mtetea pale pale pa zamani. Akakiacha kichome. Akarudi jaani, akachakura, chaku, chaku, akasogea pembeni ili mchwa waonekane na wale wa majanini.

Na wenyewe mnaona: mavuno yakiisha, kanga hutoka nyikani wakala pamoja na kuku, hapo hapo uwanjani. Jua likizama kanga hupanda mtini, kuku huingia bandani, na hakuna anayemuuliza mwenzake hawa ni wa nani.

Funzo lake, wanangu, na nyinyi watu wazima ndio nawaambia zaidi: wivu hautoki moyoni kwa kuambiwa utoke, basi uzuie usifike mdomoni. Na Mwewe akiwa juu, si wakati wa kugombania nani mama. Anayempenda mtoto humwacha aponee hata kwa sauti ya mwingine.

Hadithi yangu nimeitua hapo, sina tena mkononi. Aliyeipenda aibebe, na aliyesinzia aulize jirani.