Gari Lisilojua Njia

Katika milima ya Upare, kule wanakolima tangawizi, palikuwa na mtu aliyeitwa Senkondo, na mtu huyo alikuwa na gari.

Lilikuwa gari la zamani la kupandia milima, fupi, la viti viwili na turubai nyuma. Lilitumika miaka mingi katika shamba la mkonge kule tambarare, kisha likaachwa, nyasi zikaota mpaka kwenye usukani. Senkondo alilikuta hivyo akiwa kijana. Alilipandisha mlimani kwa kamba na kwa mabega ya watu, na miaka kumi na mmoja ya maisha yake ikaingia humo. Kila kilichobaki shambani baada ya kula na kuvaa kilikwenda kwenye gari. Ufundi alijifunza kwa kukosea: alifungua, akafunga, akafungua tena. Siku injini ilipowaka, mkewe Nakiete alitoka jikoni na unga mikononi, akasimama akalia, kwa maana alidhani sasa mumewe amemaliza kazi na atarudi nyumbani.

Lakini Senkondo hakurudi. Alilijengea gari banda kando ya njia, akaliezeka bati jipya wakati jiko la Nakiete lilikuwa linavuja. Kila asubuhi alilifuta vumbi, akapima oili, akaingia, akawasha. Saa hiyo ukungu hupanda kutoka bondeni na kuzimeza nyumba moja moja, na yeye hufumba macho, mkono juu ya gia, akisikiliza. Alisafiri sana mtu huyu, naye yupo palepale. Alipita misitu asiyoijua majina, akavuka mito yenye maji meupe, akafika mahali ambapo ardhi ilikuwa laini kama nguo iliyokunjuliwa. Kisha alizima, akafunga mlango taratibu, akachukua jembe.

Barabarani hakulipeleka. Barabara ya kule ni mawe na matope, na miiba pande zote mbili. Nakiete alimwomba ampeleke kwao, upande wa pili wa mlima, akamsalimie mama yake. Senkondo alisema wasubiri mvua zipite. Mvua zikapita, likaja vumbi; akasema wasubiri vumbi litulie. Mwishowe Nakiete akaacha kuomba, akawa anakwenda kwa miguu.

Watu walimwita mpenda magari. Walitoka vijiji vya mbali kuja kulitazama gari lake, wakanong'ona mlangoni mwa banda kama watu walioingia mahali pa ibada.

Zahanati ya kijiji nayo ilikuwa na gari, la aina ileile, ila lenyewe lilikuwa refu, lenye kitanda cha mgonjwa nyuma. Lilikuwa baya la kutazama. Mlango mmoja ulifungwa kwa waya, na rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Aliyeliendesha aliitwa Mrutu, mtu mkimya, naye alikuwa ameliendesha miaka kumi na tisa. Huyo hawakumwita mpenda magari. Walimwita dereva tu.

Masika moja giaboksi ya gari la zahanati ilisagika meno. Mrutu alikwenda Same, akaenda Moshi, akafika mpaka Tanga, na kote aliambiwa kwamba za aina hiyo zimekwisha duniani. Basi watu wakarudia machela. Wagonjwa walishushwa mlimani mabegani mwa wanaume wanane, wakipokezana, utelezi ukiwaangusha, na njia yao ilipita mbele ya banda la Senkondo.

Kila mtu alijua kwamba giaboksi kama ile imo ndani ya banda. Hakuna aliyemwomba. Waliuheshimu upendo wake kama mtu anavyouheshimu msiba wa jirani. Na Senkondo naye alijua. Machela ilipokaribia alizima injini, akainamisha uso mpaka vishindo vya miguu vikatoweka ukunguni. Kisha aliwasha tena, akafumba macho, ila ilimchukua muda kuondoka.

Mwezi wa pili tangu gari la zahanati liharibike ulipokuwa unakwisha, Mrutu alikuja asubuhi akapiga hodi. Hakuja kuomba. Alisema amekaa bila kazi muda mrefu, na masikio yake yana njaa. Kama haitakuwa usumbufu, angependa kuketi tu asikilize. Senkondo akamfungulia mlango wa kushoto. Wakakaa bega kwa bega, injini ikiunguruma, ukungu ukiingia bandani na kujaa mpaka magotini mwao. Mrutu aliweka kiganja juu ya gia, akasikiliza kama mzazi anavyosikiliza pumzi za mtoto aliyelala. Baada ya kitambo alisema kwamba katika maisha yake hajasikia injini safi kama hiyo. Senkondo akafurahi kuliko siku zote, maana sifa hii ilitoka kwa mtu anayejua.

Ndipo Mrutu akauliza, kwa sauti ya chini, kama anavyouliza mtu habari za nyumbani:

"Linajua njia gani?"

Senkondo akachukua kitambaa, akafuta usukani ambao tayari ulikuwa unang'aa.

Mrutu hakumsumbua. Akaanza kusimulia habari za gari lake. Alisema kuna kona moja ambayo lazima uingize gia ya pili kabla hujaiona, na gari huanza kupunguza mwendo lenyewe, hata mguu wake haujagusa breki. Alisema linalijua daraja, na ule ubao wa tatu usiopenda kukanyagwa. Linawajua wagonjwa wanaoogopa mteremko, likibeba mmoja wao huenda polepole. Alisema siku hizi hana tena hakika kama ni yeye aliyekuwa akilijua gari au gari lililokuwa likimjua yeye. Kisha akashukuru, akashuka, akaenda zake.

Senkondo alibaki pale. Alifumba macho asafiri, lakini hakuna njia iliyokuja. Misitu yote aliyopita ilikuwa ukungu. Mito yote ilikuwa ukungu. Alijaribu siku hiyo, na ya pili, na ya tatu, na kila mara alijikuta ameketi ndani ya banda kando ya njia, mtu mzima ameshika usukani.

Siku ya nne alichukua spana.

Katika magari ya aina ile giaboksi haitolewi kwa chini. Ni lazima kwanza uondoe viti, kisha sakafu, ndipo uinyanyue kupitia mahali ambapo mtu huketi. Senkondo aliking'oa kiti chake, kile kilichokwisha kuchukua umbo la mgongo wake, akakiweka nje kwenye umande. Alisimika miti mitatu, akafunga mnyororo, akamwita Nakiete amsaidie kuvuta. Nakiete alishika mnyororo, akamtazama usoni, akamwuliza kama ana hakika na jambo hili.

"Sina hakika," alisema Senkondo. "Vuta tu, mke wangu."

Wale wanaume wanane waliibeba giaboksi kwa machela ileile, wakaipeleka zahanati. Mrutu alipoiona alikwenda kunawa mikono kwanza, ndipo akaigusa.

Safari ya kwanza walimbeba Kiondo, fundi mwashi, aliyeanguka kutoka juu ya paa akaumia mgongo, machela ingemmaliza. Mrutu alimwomba Senkondo aketi nyuma, amshikilie kichwa kisitikisike. Wakaanza kuteremka. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba Senkondo hakujua kama gari linapita juu ya barabara au barabara inapita chini ya gari lililosimama. Mashamba ya tangawizi yalitokea na kufutika. Na chini ya miguu yake aliisikia. Aliijua sauti ile kama sauti yake mwenyewe, lakini sasa ilikuwa imebeba uzito, imekuwa nzito na ya ndani, kama mtu aliyejifunza kuimba chumbani peke yake na leo anaimba msibani. Wakaifikia kona, gari likapunguza mwendo. Wakafika darajani, likaukwepa ubao wa tatu. Senkondo akalia, machozi yakamdondokea Kiondo kwenye paji la uso, na Kiondo akauliza kama mvua imeanza.

Kiondo alipona. Anatembea kwa fimbo, na anajenga bado, ila juu ya paa hapandi.

Baada ya hapo wengine walipata ujasiri. Wabeba tangawizi walikuja kuomba ekseli ya mbele, waifunge kwenye mkokoteni wao. Wenye mashine ya kusaga waliomba injini. Mtu wa kijiji cha juu, aliyekuwa na gari la aina ile bila magurudumu, alisimama mlangoni nusu siku akishindwa kusema, mpaka Senkondo akamletea jeki. Mwisho bandani likabaki bodi tupu, na Nakiete akahifadhi humo magunia. Msidhani Senkondo alifurahi kila siku. Asubuhi nyingine alitoka na kitambaa chake mkononi, akasimama katikati ya magunia, asijue afute nini.

Miaka ikapita. Siku moja akaja mgeni kutoka mjini, mwenye gari la aina ile, linalong'aa hata unaona meno yako kwenye boneti yake. Alikuwa amelipakia juu ya lori, mawe ya njiani yasije yakalichuna. Alikuwa amesikia kwamba huku milimani yupo mpenda magari mwenzake, naye alitaka gari likutane na gari. Alimkuta Senkondo kando ya njia, mzee sasa, akatazama ndani ya banda akaona magunia. Akauliza kwa upole gari liko wapi.

Ukungu ulikuwa unapanda. Senkondo aliinua mkono, akamwomba anyamaze kidogo. Huko juu, mbali, kitu kilikuwa kinaunguruma kikija. Kilikaribia, kikabadilisha gia, kikapita mbele yao taa zikiwa njano kama papai, mtu amelala nyuma na mtu amemshikilia kichwa, kikazama tena katika weupe kikishuka.

"Hilo linapita," alisema Senkondo.

Mgeni alitazama kule, halafu akalitazama lake, lililofungwa kwa minyororo juu ya lori.

Semeni ninyi mnaosikia: kati ya watu wawili hao waliosimama ukunguni, ni yupi aliyekuwa na gari?